Blokucheni Zilizounganishwa

Blokucheni ni daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi. Rekodi zake hukusanywa katika vitalu, na kila kitalu hubeba alama ya kihesabu ya kitalu kilichotangulia. Atakayegusa rekodi ya zamani huvuruga alama zote zinazofuata na wenzake hugundua mara moja. Blokucheni huitwa zilizounganishwa pale madaftari ya namna hii, yenye wamiliki tofauti na kanuni tofauti, yanapoweza kupokeana taarifa na kila moja kuzihakiki lenyewe.

Hitaji la kuunganisha linaonekana wazi katika zao la pamba wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza. Wilayani humo kuna kituo cha utafiti cha Ukiriguru, palipotoka mbegu kama UK 91 na UKM 08. Pamba ya mkulima hupimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, kisha hupelekwa kwenye kiwanda cha kuchambua, chini ya usimamizi wa Bodi ya Pamba yenye makao yake Mwanza. Kila mmoja ana daftari lake na ana haki ya kuwa nalo: kiwanda hakitaki washindani waone bei zake, na ushirika hauwezi kukabidhi kitabu chake kwa mnunuzi. Hata hivyo kiwanda kinahitaji uhakika kwamba mzigo ulipimwa kweli, na mkulima anahitaji uhakika kwamba kilo zake hazikupungua njiani. Mfumo wa blokucheni wa mnyororo huu unatumika katika makala hii kama mfano wa kuelezea tu.

Ugumu wa kuunganisha madaftari Watanzania wameshauona katika fedha za simu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kupokeana miamala, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Mapatano yalikuwa ya wawili wawili, na hapo ndipo hesabu inapokuwa mbaya: kampuni 4 zinahitaji viunganishi 6, taasisi 10 zinahitaji 45. Benki Kuu ya Tanzania ikajenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo ulioanza kwa majaribio mwaka 2021, ambamo kila benki na kila mtandao wa simu huunganishwa mara moja tu na kitovu. Penye msimamizi wa aina hiyo, anayeaminika na anayewajibika kisheria, blokucheni huongeza gharama kuliko faida. Kazi yake halisi iko pale ambapo hakuna upande unaokubali upande mwingine ushike kitabu peke yake.

Zamani aliyetaka blokucheni yake alinakili programu ya Bitcoin na kuibadilisha. Waraka wa Cosmos wa mwaka 2016, ulioandikwa na Jae Kwon na Ethan Buchman, ulipendekeza njia nyingine: blokucheni nyingi ndogo, kila moja na kazi yake, zikizungumza kwa itifaki moja. Kifurushi cha zana kilichotokana na wazo hilo, Cosmos SDK, kimeandikwa kwa lugha ya Go na kinatoa sehemu zilizo tayari za akaunti, upigaji kura na dhamana. Msanidi huongeza sehemu yake mwenyewe, tuseme ya stakabadhi za pamba, na zana iitwayo Ignite humtengenezea kiunzi cha kuanzia kwa amri chache. Gavin Wood, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, alichukua njia tofauti katika Polkadot. Kifurushi chake cha zana, Substrate, kilichoandikwa kwa lugha ya Rust, hutengeneza blokucheni zinazoweza kulindwa na wathibitishaji (waendeshaji wa seva wanaoidhinisha vitalu) wa mnyororo mkuu mmoja, na kanuni zake zinaweza kusasishwa bila kuugawa mtandao. Blokucheni za kwanza za aina hiyo zilianza kuunganishwa na mnyororo huo Desemba 2021. Kwa kikundi kidogo kisicho na wathibitishaji wengi wa kutegemewa, ulinzi huo wa kuazima ni faida kubwa.

Kuijenga blokucheni, basi, ni kazi ya wiki chache kwa mtu anayejua kuandika programu. Kuiendesha ndiko kuna mzigo. Katika Cosmos kitalu hukubaliwa pale wathibitishaji wenye zaidi ya theluthi mbili za kura wanapokitia saini. Tuseme ushirika, kiwanda, Bodi na Ukiriguru kila mmoja anaendesha seva moja yenye kura sawa: lazima 3 kati ya 4 ziwe hewani. Seva mbili zikiwa kwenye laini moja ya umeme, laini ikikatika daftari zima husimama. Rekodi hazipotei, lakini hakuna mzigo utakaoandikwa hadi mojawapo irudi. Kwa hiyo swali la kwanza la mwendeshaji ni seva ziko wapi, zinapata umeme na intaneti kutoka kwa nani, na nani anashika funguo za siri. Mtandao mkubwa una nafasi zaidi ya kuvumilia. Cosmos Hub, blokucheni kuu ya familia ya Cosmos, imekuwa ikiadhibu kwa kukatika pale tu mthibitishaji anapokosa karibu vitalu 9,500 kati ya 10,000, ambavyo kwa sekunde 6 kila kimoja ni kama saa 16. Lakini anayetia saini vitalu viwili vinavyopingana hupoteza asilimia 5 ya sarafu alizoweka dhamana, na mara nyingi kosa hilo hutokana na kuwasha seva ya akiba kwa ufunguo uleule wakati seva ya kwanza bado inafanya kazi.

Kiungo chenyewe katika familia ya Cosmos ni itifaki ya IBC, iliyoanza kutumika mwaka 2021. Ndani ya kila blokucheni huwekwa programu ndogo inayofuatilia saini za wathibitishaji wa upande wa pili. Ushirika ukiandika kwamba umetoa mzigo, mpelekaji huchukua ujumbe pamoja na uthibitisho wake na kuufikisha kwenye daftari la kiwanda, ambalo hukagua kabla ya kukubali. Mpelekaji anaweza kuwa mtu yeyote, kwa kuwa hawezi kughushi. Anaweza kuchelewesha tu, na ujumbe uliopitiliza muda hubatilishwa.

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei na huisha baada ya miezi michache, kisha daftari hukaa kimya. Programu ile ya ufuatiliaji isipopata taarifa mpya kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni wiki mbili hivi, huisha muda wake na njia hufungwa. Kuifungua tena kwa kawaida kunahitaji kura. Kwa hiyo daftari la msimu lazima liwe na mtu au programu ya kulihuisha miezi yote ambayo hakuna gunia linalopita.

Si viungo vyote vinavyokagua uthibitisho kama IBC. Vingi huachia kikundi cha washika funguo kithibitishe kwa niaba ya wote. Kiungo cha Ronin, kilichohudumia mchezo wa Axie Infinity, kilihitaji funguo 5 kati ya 9, na nne kati ya hizo zilikuwa mikononi mwa kampuni moja. Machi 2022 wadukuzi walizipata tano na kuondoka na ether (sarafu ya Ethereum) 173,600 na sarafu za USDC milioni 25.5, thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Mwezi uliotangulia, kiungo kingine, Wormhole, kilipoteza ether 120,000 kwa kasoro katika ukaguzi wa saini. Funguo hizo tisa za Ronin zilikuwa tisa kwa hesabu tu.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake katika Sarafu, mfumo wa fedha za jamii wa shirika la Grassroots Economics nchini Kenya, uliokua kutoka Bangla-Pesa ya mwaka 2013 mjini Mombasa. Watumiaji waliufikia kwa simu za vitufe, huku nyuma ya pazia madaftari yakihamishwa: kutoka mtandao wa POA kwenda xDai, kisha kwenye blokucheni iliyopewa jina Kitabu, na baadaye Celo. Mama wa genge hakuhitaji kujua lolote kati ya hayo, na nadhani hicho ndicho kipimo cha kazi iliyofanywa vizuri.

Kwa upande wa sheria, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za mtandaoni haziruhusiwi nchini. Juni 2021, akizindua jengo la Benki Kuu jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko ya blokucheni na sarafu hizo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Daftari la stakabadhi lisilo na sarafu linaguswa zaidi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Blokucheni haifuti. Kwa hiyo katika mfano wetu jina la mkulima, namba yake ya simu na kilo zake hubaki kwenye hifadhidata ya kawaida ya ushirika, na kwenye kitalu huandikwa alama ya kihesabu ya stakabadhi pekee, iliyochanganywa na namba ya siri ili isiweze kubahatishwa.