Maporomoko ya Lofoi na Njia ya Wapagazi

Kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini ya mji wa Lubumbashi, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970. Humo mto Lofoi huporomoka kutoka ukingo wa nyanda za juu hadi bondeni, kimo cha zaidi ya mita 300. Majira ya mvua maji hushuka kwa kishindo. Wakati wa kiangazi hupungua hata mengine yakageuka ukungu kabla ya kufika chini. Wageni huyafuata kwa miguu, wakapiga hema na kulala porini kwa kujifurahisha.

Hatuna neno baya juu ya furaha hiyo. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili tunapaswa kukumbuka kwamba katika nchi hiyo kutembea na kulala hemani kulikuwa kazi, tena kazi ya mauti, kabla hakujawa starehe.

Nyanda za Kundelungu ziko kati ya bonde la Luapula, mashariki, na bonde la Lufira, magharibi. Ng'ambo ya Lufira ndipo ulipokuwa Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke aliyetoka Unyamwezi. Misafara ya biashara ilikwisha kuifikisha lugha yetu huko. Mwaka 1891 Wabelgiji walijenga kituo karibu na mto Lofoi, na mwaka huo huo Kapteni William Stairs aliondoka pwani na msafara wa watu wapatao 400, ili kumtaka Msiri akubali bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi.

Je, ni nani waliobeba hema, sanduku za risasi na vyakula vya wakubwa wa msafara huo? Ni wapagazi, wengi wao wakiwa watu wa Unguja na pwani. Desturi ya misafara ile ilikuwa kila mtu kuchukua mzigo wa karibu kilo 30. Kule Bunkeya njaa na maradhi viliwaangamiza wengi. Stairs mwenyewe alifariki mwaka 1892 akiwa njiani kurudi, na wapagazi waliofika tena Unguja hawakutimia 200.

Daktari wa msafara, Joseph Moloney, alichapisha kitabu chake mwaka 1893, na jina la kapteni limo katika anwani yake. Wapagazi hawakuandika kitabu. Kumbukumbu yao imebaki katika lugha: mpagazi ametokana na kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tunapowafundisha vijana maneno kama safari, hema na mpagazi, tusiwape maana tu. Tuwaeleze pia ni mabega ya nani yaliyoyabeba hadi Katanga. Na yeyote kati yetu atakayejaliwa kwenda Lofoi akaajiri kijana wa kijijini kumchukulia mzigo, kwanza amwulize jina lake, wapatane uzito na ujira kabla ya kuondoka, na jioni wale chungu kimoja.