Masomo ya Mbali na Moyo wa Mwanafunzi

Wako wasemao kwamba kumfundisha mtu aliye mbali ni jambo jipya lililoletwa na intaneti. Sivyo. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinti kwa barua. Lakini tusome vizuri: barua haikutosha. Alimtuma na Timoteo, awakumbushe mafundisho yake. Kwani karatasi haiwezi kujibu swali la anayeisoma.

Baadaye ikaja redio. Tarehe 12 Februari 1931 Baba Mtakatifu Pio XI alifungua Redio ya Vatikano, iliyotengenezwa na fundi Marconi. Sauti yake ikafika nchi za mbali saa ile ile. Hata hivyo shida ya zamani ilibaki: asikilizaye redio hawezi kuinua mkono na kuuliza.

Sisi wa Kiwanja tulilijua jambo hili mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Kongo zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Hata wanafunzi wa darasa la mwisho walirudi tarehe 10 Agosti tu. Katika miezi ile Radio Okapi ilitangaza masomo, na wenye simu waliyapokea kwa intaneti. Mtambo wa umeme wa Matebe ulikuwa umefunguliwa tangu 2015, walakini si kila nyumba iliyokuwa na umeme, wala si kila mzazi aliyeweza kununua mega.

Twadhani umaskini huo ndio uliowazuia vijana? Ndiyo, kwa sehemu. Lakini palikuwa na kizuio kingine, na hapo sisi wenyewe tulikosa. Tulipokutana na vijana tuliwauliza: «Umesikiliza somo?» Wakajibu: «Ndiyo.» Tukaenda zetu. Hatukuuliza: «Umeelewa nini?»

Kijana mmoja wa sekondari alitufungulia macho. Alikuwa ameandika somo la hesabu neno kwa neno, asielewe. Hakuthubutu kumwuliza mwalimu, kwa sababu katika kundi la WhatsApp swali la mmoja laonwa na wote. Aliogopa kuchekwa. Je, alikuwa mjinga? Hata kidogo. Alikosa mtu wa karibu wa kumwambia: «Hapa nimeshindwa.»

Ndipo vijana wachache wakaanza kukaa chini ya mti, wakiachana nafasi, kila mmoja na daftari lake. Walijadiliana kwanza, lililowashinda wote, mmoja aliliandika kwa jina la wote. Aibu ikapungua, maswali yakaongezeka.

Tarehe 29 Oktoba 2022 vita vya M23 vilifika Kiwanja. Jamaa nyingi za Rutshuru zilikimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma. Wanafunzi walitawanyika tena, mbali na walimu wao. Yaliyotupata mwaka 2020 yatufaa basi kila mara shule ifungwapo.

Wazazi na makatekista, hatuwezi sote kufundisha hesabu. Lakini twaweza kukaa na kijana jioni na kumwambia: «Nieleze ulilojifunza leo.» Akikwama, tusimcheke, tumtafutie mwenye kujua. Injili yatuambia kwamba Yezu, mwenye miaka kumi na miwili, alikutwa hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Kama Bwana mwenyewe aliuliza, mtoto wetu aone haya ya nini?