Kibadeni: Kutoka Uwanjani Hadi Benchi la Ufundi
Wapo wanaodai kwamba mchezaji hodari si lazima awe kocha hodari, na ni kweli kipaji cha mguu hakirithishwi kwa maneno. Lakini Abdallah Kibadeni anawapa jibu zito. Mwaka 1977 aliifungia Simba mabao 3 katika ushindi wa 6-0 dhidi ya Yanga. Mwaka 1993, akiwa kocha, aliifikisha klabu hiyohiyo fainali ya Kombe la CAF. Watasema alishindwa, kwani baada ya sare ya 0-0 katika mechi ya kwanza Abidjan, wapinzani wao, Stella, walishinda 2-0 katika marudiano Dar es Salaam. Hata hivyo, kutoka ugenini bila kufungwa ni kazi ya mpangilio, na mpangilio hufundishwa. Klabu zetu ziwasomeshe ukocha wachezaji wanaostaafu, zisiwaache wapotee.