Nishani na Kisa: Kutoka Chama cha Nyota hadi Myali za Machakos

Historia ya vyama vya heshima huandikwa kwa kawaida kama historia ya wafalme na medali. Kwa mhakiki wa fasihi, swali la msingi ni jingine: ni nani husimulia tendo linalotukuzwa, na je, aibu nayo husimuliwa?

Mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa aliasisi Chama cha Nyota mwezi wa Novemba 1351. Kilikusudiwa kuwa na makabaila wapanda farasi 500, na mkutano wake wa kwanza ulifanyika Saint-Ouen, karibu na Paris, tarehe 6 Januari 1352. Kwa mujibu wa Jean le Bel, mwandishi wa tarehe wa karne hiyo, kila mwaka mwanachama alipaswa kueleza kwa kiapo yote yaliyomfika, ya fahari na ya aibu, nao makarani wayaandike kitabuni. Aidha, makabaila hao waliapa kutorudi nyuma vitani kupita masafa mafupi yaliyowekwa. Kiapo hicho kiliwaponza: wengi waliuawa Mauron mwezi wa Agosti 1352. Mfalme mwenyewe alitekwa Poitiers mwaka 1356, na chama kikafifia.

Umbo la chama cha aina hii, lenye mkuu wa dola, madaraja na alama ya kuvaliwa, liliingia Kenya kupitia utawala wa Kiingereza. Mwaka 1966 serikali huru iliunda nishani za Moyo wa Dhahabu na Mkuki Uwakao, ikayapa madaraja yake majina ya Chifu, Mzee na Moran. Mzee na Moran ni majina yanayodokeza jamii ambamo heshima huambatana na rika na wajibu. Hata hivyo, kinachoonekana zaidi ni herufi zinazofuata jina la mtunukiwa. Sharti la kusimulia aibu halimo.

Fasihi simulizi ya Wakamba wa Machakos inaufichua upungufu huo. Katika nyimbo za myali, wakosaji husutwa mbele ya jamii. Kabaila wa Nyota alijisimulia mwenyewe kwa makarani wa mfalme. Katika myali, jamii ndiyo mtambaji, nayo ndiyo hakimu. Ni dhahiri, basi, kwamba nishani isiyotoa nafasi ya aibu kutajwa hupima ukaribu wa mtu na dola kuliko ushujaa wake.