Unapenda sizoni za kasri za Korea? Zanzibar nako kuna mapenzi na siri za kifalme, na Masasi imo ndani

Iwe uko Chidya, Newala mjini au kwenye daladala ya Mbagala, picha ni ile ile: simu mkononi, bando linakata, na kwenye kioo kuna binti wa Kikorea aliyevaa sketi pana anakimbia kwenye korido ya kasri usiku. Kuna mtu kauawa. Anayemtafuta muuaji ndiye anayempenda.

Sizoni na riwaya hizi zimeteka wengi. Lakini nyingi zimejengwa juu ya watu walioishi kweli. Na sisi huku tunayo historia ya aina hiyo hiyo, ila sehemu yake moja haijasimuliwa. Sehemu hiyo inaihusu Masasi.

Twende taratibu.

Ni hadithi za enzi gani?

Nyingi zinawekwa enzi za Joseon, ufalme ulioanza mwaka 1392. Mwaka 1897 ukabadilishwa jina na kuwa Dola ya Korea, kisha Japani ikaichukua nchi nzima mwaka 1910. Wakorea wenyewe huita tamthilia za kihistoria "sageuk".

Kanuni ya hadithi ni rahisi. Kasri lina kuta ndefu na mamia ya watu ndani, kila mmoja na cheo chake. Cheo ndicho kinachozuia mapenzi, na ndicho kinachoficha mauaji. Basi anayeijua siri huwa ni mtu wa chini: mjakazi, mpishi, muuguzi.

Hapo waandishi hawakubuni tu. Kwa desturi ya Joseon, mwanamume hakutakiwa kumgusa mwanamke asiye wake. Kwa hiyo kulikuwa na tabibu wa kike, "uinyeo", wa kuwatibu wanawake. Kituo cha polisi nacho kilikuwa na watumishi wa kike, "damo", wa kuingia vyumba vya wanawake na kuwapekua. Mwandishi wa upelelezi angetaka nini zaidi?

June Hur, mwandishi mwenye asili ya Korea aliyekulia Canada, aliitumia nafasi hiyo. Mhusika mkuu wa *The Silence of Bones* (2020) ni damo. Wa *The Red Palace* (2022) ni muuguzi wa kasri anayechunguza mauaji mwaka 1758. Kitabu hicho cha pili kilishinda tuzo ya Edgar ya mwaka 2023 kwa riwaya za vijana.

Mwanamfalme ndani ya sanduku la mchele

Nyuma ya *The Red Palace* kuna kisa cha kweli. Mwaka 1762 Mfalme Yeongjo alimfungia mwanawe, Mwanamfalme Sado, ndani ya sanduku la kuhifadhia mchele. Alikaa humo siku nane mpaka akafa. Alikuwa na miaka 27.

Kwa nini? Mwaka 1776 mtoto wa Sado, Jeongjo, aliomba kumbukumbu za kasri zinazomhusu baba yake zifutwe, na nyingi zikafutwa. Tungebaki na pengo kubwa kama si mjane wa Sado, Bi Hyegyeong. Kati ya mwaka 1795 na 1805 aliandika aliyoyaona mwenyewe: ugonjwa wa akili wa mumewe, watumishi aliowaua, na hasira za baba mtu. Wanaoandika kuhusu Sado leo wanarudi kwenye maandishi ya mwanamke huyo.

Jeongjo huyo huyo ndiye mfalme wa *The Red Sleeve*, sizoni ya mwaka 2021 kuhusu mjakazi anayekataa kuwa mke mdogo wa mfalme. Nayo ina mzizi wa kweli. Mfalme mwenyewe aliandika, baada ya mwanamke huyo kufariki, kwamba alimkataa mara mbili kabla ya kukubali.

Salme: yetu hii hapa

Sasa rudi nyumbani. Agosti 30, 1844, katika kasri la Mtoni, Unguja, alizaliwa Salme binti Said. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia, upande wa milima ya Kaukazi.

Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Ujuzi huo ukamponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Barua za wapanga njama zilihitaji mwandishi, na Salme, binti wa miaka 15, ndiye aliyeziandika. Waingereza wakaingilia kati, njama ikafeli, Barghash akapelekwa Bombay.

Mapenzi yakafuata. Mji Mkongwe nyumba zimebanana, na jirani yake alikuwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Salme akapata ujauzito. Kwa binti wa sultani, hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Agosti 1866 alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Uingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na mwaka 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Mtoto alikufa wakiwa safarini kwenda Ujerumani.

Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Mwaka huo huo Majid naye alifariki, Barghash akawa Sultani. Salme alirudi Zanzibar mara mbili, mwaka 1885 na 1888, kudai urithi wake. Hakufanikiwa. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Kama Bi Hyegyeong, alituachia sauti ya mwanamke kutoka ndani ya kuta.

Na upelelezi?

Upo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko, anafikiri, na hababaishwi na habari za mizimu. Hadithi zake ziko kwenye dunia ya mashamba na matajiri wa Unguja, wakati masultani bado wapo. Utawala wao uliondolewa na Mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Kwa upande wa mapenzi ya kihistoria, Mwingereza M. M. Kaye aliandika *Trade Wind* (1963), akiiweka Zanzibar ya mwaka 1859, mwaka ule ule wa njama ya Barghash.

Masasi inaingiaje?

Hapa ndipo pengo lilipo. Kasri la Mtoni liliendeshwa na watumwa. Salme mwenyewe alikuwa na watumwa, na kwenye kitabu chake aliutetea utumwa. Wengi waliopelekwa Unguja walitoka bara, upande wa Ziwa Nyasa, wakashushwa pwani hadi Kilwa na kupakiwa majahazini.

Juni 5, 1873, Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua na dada yake, alibanwa na Waingereza akasaini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachwa huru, wakielekea Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga kijiji.

Amani haikudumu. Mwaka 1882 wavamizi wa Kingoni, Magwangwara, walikivamia kijiji, wakaua na kuteka watu. Baadhi ya waliobaki walihamia Newala. Kazi ya misheni iliendelea ukanda huu, na shule ya Chidya ni sehemu ya urithi huo.

Hebu fikiria. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akaiona Unguja ya akina Majid na Barghash kutokea chini, akaachwa huru, akatembea hadi Masasi, kisha akavamiwa tena. Korea mtu wa aina hiyo ndiye angekuwa mhusika mkuu: damo wetu, shahidi anayejua siri zote. Kwetu sultani ana kumbukumbu, binti sultani ana kitabu, askofu ana barua zake. Mjakazi aliyebeba maji ya binti sultani hana riwaya.

Uanzie wapi?

- Ukitaka upelelezi kwa Kiswahili: *Mzimu wa Watu wa Kale*, kisha *Kisima cha Giningi* (1968).
- Ukifika Unguja: magofu ya kasri la Mtoni, na makumbusho ya Salme pale Mji Mkongwe.
- Ukitaka kuandika yako: anza na wazee. Kama ukoo wenu uko Masasi, Chidya au Newala, muulize bibi au babu jina la aliyefika kwanza, na alitokea wapi. Rekodi kwa simu hiyo hiyo unayoangalizia sizoni.