Matatu zilitangulia, sheria ikafuata

Wadau, wengi wetu tukisikia sheria za matatu tunamtaja marehemu John Michuki. Lakini kisa hiki ni kikongwe.

Matatu za mwanzo Nairobi zilikuwa magari yaliyochakaa na kubadilishwa umbo: pikapu inafungwa bodi nyuma, inawekwa mabenchi, safari imeanza. Nauli ilikuwa senti 30, mapeni matatu, na ndiyo asili ya jina. Leseni ya kubeba abiria hazikuwa nayo. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akaziruhusu zifanye kazi bila leseni hiyo, ili mnyonge naye apate riziki.

Sawa kabisa. Ila aliyekaa kwenye benchi kule nyuma si mnyonge pia? Nani alikagua breki zake?

Ilipita miaka 11. Sheria ya 1984 ikamtaka mwenye matatu apeleke gari likaguliwe na achukue leseni. Februari 2004 Michuki akaongeza mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa njano ubavuni.

Wenye matatu walilalamika kila mara. Mimi nasema leseni ilichelewa. Ninyi mnaonaje?