Pepo, Shetani na Malaika: Habari za Maneno na Imani katika Viunga vya Dar es Salaam

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Temeke au ya Kinondoni aweza kusikia mambo matatu kabla hajafika kwake. Atasikia adhana ya magharibi. Atasikia kengele ya kanisa, iwaitayo Wakatoliki kusali Malaika wa Bwana. Na pengine, nyuma ya ua wa makuti au wa mabati, atasikia ngoma ya kumpunga mgonjwa pepo. Sauti zote tatu zatangaza neno moja, ya kwamba mwanadamu hayuko peke yake duniani, bali wako viumbe wasioonekana ambao yampasa kujua habari zao. Lakini viumbe hao ni akina nani? Hapo ndipo watu wa mitaa hiyo wanapoachana njia.

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi imani ya Kanisa Katoliki juu ya malaika na pepo wabaya ilivyoingia katika lugha ya Kiswahili, ikakuta maneno yaliyokuwa tayari na wenyewe, na jinsi maneno hayo yalivyopata kugeuka. Mtu asidhani ya kuwa ni ubishi wa wenye vitabu tu. Mgonjwa akilala mkekani, na ndugu zake wakibishana kama apelekwe hospitali, au kwa padre, au kwa mganga, jina watakalolipa ugonjwa wake ndilo litakaloamua njia.

I. Maneno yaliyokutwa

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Unguja. Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilia walijenga Pugu mwaka 1888; nyumba yao ikashambuliwa na kuharibiwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, nao waliosalia wakaanza upya Dar es Salaam. Mwaka 1921 kazi ya upande huo ikashikwa na Wakapuchini wa Uswisi. Wote hao walikuta pwani lugha yenye maneno mengi ya mambo ya rohoni, wala hawakuhitaji kubuni mapya.

Neno malaika latoka katika Kiarabu, na huko ni la wingi; mmoja huitwa malak. Mswahili amelitwaa la wingi akalifanya la mmoja na la wengi pia. Tena amelipa maana nyingine mbili zenye kupendeza: mtoto mchanga asiye na kosa ni malaika, na vinyweleo laini vya mwilini ni malaika vilevile. Shetani pia ni la Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania lenye maana ya mpinzani, yaani mshitaki asimamaye kinyume cha mtu. Ibilisi wataalamu wengi wadhani kuwa latokana na lile la Kiyunani, diabolos, lililopita kwa Waarabu kabla ya kufika kwetu. Jini nalo lilikuja pamoja na dini ya Kiislamu.

Ama neno pepo ni la Kibantu halisi. Udugu wake ni upepo na kupepea. Wingi wa upepo ni pepo, hata sarufi peke yake ndiyo itenganishayo: tukisema pepo hizi, twataja pepo zivumazo, tukisema pepo hawa, twataja wale wampandao mtu kichwani. Na ajabu kubwa kuliko zote, mahali pa raha pa wafu wema paitwa peponi. Basi kwa mzee wa zamani pepo hakuwa mbaya kwa asili yake. Alikuwa nguvu iendayo kama upepo, isiyoonekana ila kwa kazi yake. Aweza kuvunja nyumba, aweza kuleta mvua.

II. Jinsi neno moja lilivyohukumiwa

Sasa yafaa tuangalie jambo ambalo wengi hulipita. Katika Kiebrania neno ruaḥ, na katika Kiyunani neno pneuma, yote mawili yana maana ya upepo, na pumzi, na roho. Mfasiri angaliweza kusema ya kwamba Mungu mwenyewe ameandaa katika Kiswahili neno la namna hiyohiyo, yaani pepo. Lakini hakuna aliyethubutu kulitumia kwa Nafsi ya tatu ya Utatu. Walitwaa roho, neno la Kiarabu, wakasema Roho Mtakatifu. Neno la Kibantu wakaliachia upande wa pili: katika Injili za Kiswahili wale watolewao na Bwana Yesu ndio pepo, pepo wachafu.

Wasilaumiwe upesi. Pepo waliyemwona wao ni yule wa ngoma, aliyedai kitambaa chekundu, na ubani, na mbuzi, na kumfanya mgonjwa kiti chake. Wangaliliita kwa jina hilo lile ambalo Mkristo humwabudu, watu wangalichanganyikiwa. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa makubwa. Neno lililokuwa na mema na mabaya ndani yake likawa la mabaya tu. Siku hizi mjini hawasemi tena pepo hawa, bali husema mapepo, kwa kufuata majini na mashetani. Kiambishi ma- kimekuwa kama nguo ya gerezani: kimemvisha pepo sare ya wenziwe.

Tena, viunga vya Dar es Salaam si vya Wazaramo peke yao. Wakatoliki wengi walihamia kutoka bara: Uluguru, Mahenge, Songea, Kilimanjaro na kwingineko. Kila mmoja alikuja na majina ya kwao. Wapogoro na Wangoni wana mahoka, Wasukuma wana masamva, Waluguru wana mizimu. Na hao kwa sehemu kubwa ni wazee waliokufa, ambao ukoo huwakumbuka na kuwaogopa. Lakini mjini hapana nafasi ya kueleza yote hayo kwa jirani. Yote hutiwa katika kapu moja la mapepo. Na hapo maumivu huanza. Maana mtu aambiwapo ya kuwa mapepo yote ni mashetani, naye moyoni ajua ya kuwa lile aliitalo pepo ni bibi yake mzaa mama, amesikia ya kwamba bibi yake ni shetani.

III. Kanisa lafundisha nini

Mafundisho yenyewe ni machache kuliko watu wadhanivyo. Mtaguso wa nne wa Laterani, mwaka 1215, ulikiri ya kwamba Mungu mmoja ameumba viumbe vya kiroho na vya kimwili, na ya kwamba shetani na pepo wenziwe waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili, wakawa wabaya kwa kutaka kwao wenyewe. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ukarudia fundisho la uumbaji wa viumbe vya kiroho. Na Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna miungu miwili, mmoja wa nuru na mmoja wa giza. Shetani ni kiumbe tu, ana mpaka.

Mtakatifu Agostino alieleza ya kwamba malaika ni jina la kazi, wala si la asili: kwa asili yake ni roho, kwa kazi yake ni mjumbe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kwamba malaika hana mwili hata kidogo. Kwa hiyo mtoto mchanga aliyebatizwa, akifa, hageuki kuwa malaika. Yu mtu mbinguni, naye atafufuliwa na mwili wake. Lakini mama aliaye kaburini na kusema, malaika wangu ameondoka, asikosolewe hapo. Yeye asema Kiswahili, hasemi elimu ya dini.

Kuhusu majina Kanisa limekuwa na tahadhari tangu kale. Sinodi ya Roma ya mwaka 745, chini ya Papa Zakaria, ilikataza sala za mtu mmoja aliyekuwa akiwaita malaika kwa majina ya ajabu. Mwongozo uliotolewa Roma mwaka 2001 juu ya ibada za watu wakataza vilevile kuwapa malaika majina, ila Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, ambao majina yao yamo katika Maandiko. Sikukuu yao ni tarehe 29 Septemba, na ya malaika walinzi ni tarehe 2 Oktoba.

Hapa twaona tofauti kubwa na jirani zetu Waislamu. Wao wafundisha aina tatu: malaika walioumbwa kwa nuru, majini walioumbwa kwa moto, na wanadamu walioumbwa kwa udongo. Majini wamo wema na wabaya, waamini na makafiri. Katika elimu ya Kikatoliki aina hiyo ya katikati haipo. Roho isiyo na mwili ama ni malaika aliyesimama, ama ni malaika aliyeanguka. Mkatoliki wa Temeke aliyekua kati ya majirani wa Kiislamu mara nyingi ana ramani mbili kichwani: Jumapili asadiki aina mbili, na usiku, asikiapo habari ya jini, asadiki tatu. Wala si ajabu; lugha aisemayo ina majina ya zote.

IV. Dawa na mipaka yake

Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 chaanza mlango wa kufukuza pepo kwa onyo: padre asisadiki upesi ya kwamba mtu amepagawa, bali ajue kupambanua na ugonjwa. Chataja dalili: kusema lugha asiyoijua, kufichua mambo ya siri yaliyo mbali, na kuwa na nguvu zipitazo umri na hali yake. Ibada mpya, iliyotolewa mwaka 1999, yaongeza shauri la kuwauliza waganga wa hospitali. Na kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yataka padre awe na ruhusa ya wazi ya askofu, naye awe mcha Mungu, mwenye elimu, busara na maisha manyofu.

Mtu wa Dar es Salaam na aifikiri sana dalili ile ya kwanza. Katika mji wa bandari, ambapo ua mmoja hukaa watu wa makabila matano, na Kiarabu husikika kila siku, mwanamke aweza kutamka maneno ya lugha asiyojua kuisema, kwa kuwa ameisikia tangu utotoni. Dalili iliyoandikwa kwa ajili ya kijiji cha Ulaya yataka kupimwa upya Kinondoni.

Tena iko tofauti kati ya kupunga na kufukuza. Fundi wa ngoma hupatana na pepo: humwuliza jina, humwuliza atakalo, humpa, kisha hukaa naye kwa amani, na mgonjwa huwa mteja wake miaka mingi. Padre hapatani, haleti zawadi, huamuru kwa jina la Kristo, aondoke. Njia ya kwanza yampa mgonjwa jamaa na heshima, bali yamfunga kwa gharama. Njia ya pili yataka kumwacha huru, bali aliye huru peke yake, asiye na wa kumtembelea, hurudi ngomani. Wenye kuwaonya watu bila kuwatembelea na wakumbuke hayo.

Historia ya karibu yaonyesha jinsi shauku hii ilivyo kubwa. Katika Lusaka, Askofu Mkuu Emmanuel Milingo alianza mwaka 1973 kuwaombea wagonjwa na kufukuza pepo. Umati ukamfuata, ugomvi ukazuka, akaitwa Roma mwaka 1982, na mwaka uliofuata akajiuzulu kiti chake. Kwetu, Padre Felician Nkwera, wa upande wa Njombe, aliongoza huduma ya maombezi kwa jina la Bikira Maria, ambayo makao yake yakawa Ubungo, penye mtaa wa Riverside, wakati Ubungo ilipokuwa ingali sehemu ya Kinondoni. Watu walimwendea kwa magonjwa, kwa majini na kwa uchawi, wakapata maji ya baraka na sala. Wakubwa wa Kanisa hawakuiidhinisha huduma hiyo, na waliomfuata walipata taabu parokiani, nao wakazidi kusema ya kwamba wao ni Wakatoliki. Si kazi ya makala hii kuwahukumu. Latosha kusema ya kwamba pande zote mbili zilikubali kuwa shetani yuko. Walichogombania ni nani mwenye ruhusa ya kumwamuru, na ni mateso mangapi yafaa kuhesabiwa kuwa kazi yake.

V. Mwisho

Basi yatupasa kuyarudishia maneno haki yake. Shetani na aitwe shetani. Mzee aliyekufa na aitwe marehemu, aombewe katika Misa, asitiwe kundini mwa waliolaaniwa. Maana Kanisa halijafundisha kamwe ya kwamba roho za wafu wetu ni pepo wabaya. Kifafa na kiitwe kifafa, nacho kina dawa hospitalini. Na pepo, neno la wazee wetu, tusilisahau asili yake: lilikuwa jina la upepo kabla halijawa jina la hofu. Mkristo akilijua hilo, atakapomwona mgonjwa mkekani hataanza kwa kuuliza, ana mapepo mangapi? Ataanza kwa kuuliza, anaumwa wapi, na ni nani amekesha naye?

Kazi hiyo ya pili, ya kukesha, ndiyo Kanisa liiaminiyo kuwa kazi ya malaika mlinzi. Naye aifanyaye kwa jirani yake, ingawa hana mabawa, ameshika kazi yake.